Fundi alisema ninunue kioo kipya, kumbe ni waya tu

Najua mmezoea niongelee bei za mzigo na jinsi ya kupiga picha bidhaa. Leo naongelea kioo cha nyuma cha gari. Usipite kwanza. Kama unawapelekea wateja mizigo kwa gari yako mwenyewe, hasa hizi gari ndogo ambazo mlango wa buti unafunguka kwenda juu, hii stori inagusa mfuko wako.

Mnaonifuatilia mnajua nauza mablanketi, mashuka na masweta hapa Mbeya. Gari yangu ni Toyota IST, ilitumika Japani kabla haijanifikia mimi. Gari nyingi za kule zinakuja na vile vimistari vyembamba kwenye kioo cha nyuma, vimelala kutoka kushoto kwenda kulia. Watu wengi wanadhani ni urembo. Ile ni hita. Wenzetu wana baridi la theluji, hawawezi kuuza gari bila hicho kitu. Kuna swichi ina alama ya kiboksi chenye vimishale vitatu vilivyopinda kwenda juu. Ukiibonyeza, umeme unapita kwenye ile mistari, kioo kinapata joto, ukungu unafutika. Ile alama nyingine yenye umbo kama la kipepeo au kipepeo nusu ni ya kioo cha mbele, hiyo inatumia upepo, tuiache.

Mtu wa Dar anaweza kukaa na gari miaka asiiguse hiyo swichi. Ukiwa Mbeya, Njombe, Makete huko, mwezi wa sita na wa saba hauna ujanja.

Sasa kisa chenyewe. Mwezi wa tano nilikuwa na oda nne za Tukuyu. Nimejaza makatoni nyuma, nimetoka Uyole asubuhi, nikapita Igawilo, kufika Isyonje ukungu umeshuka mpaka barabarani, na mvua juu yake. Ndani ya gari blanketi nyingine zilikuwa zimelowa kidogo wakati wa kupakia. Kioo cha nyuma kikawa cheupe kama kimepakwa maziwa. Nikabonyeza swichi, taa yake ya kijani ikawaka, nikajua itafutika tu. Haikufutika mpaka nafika.

Kwa mteja wa tatu njia ni nyembamba, inabidi urudi kinyumenyume. Nilifuta kioo kwa kitambaa kwa mkono uliofika, nikaangalia vioo vya pembeni, nikaanza kurudi. Ghafla nasikia mtu anapiga bodi ya gari kwa nguvu, "Dada simama! Simama!" Nikakanyaga breki. Kushuka, nakuta mtoto wa kama miaka minne amechuchumaa nyuma ya tairi, anaokota kifuniko cha soda. Kati yake na bampa hakuna hata hatua moja. Bibi yake hakunigombeza, alimbeba tu akaingia naye ndani. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Kesho yake nikapeleka gari gereji. Fundi akachukua kile kitaa chake cha kupimia, akagusisha kwenye kioo, kitaa kikawaka. Akaniambia, "Unaona dada? Umeme unafika. Kioo ndio kimekufa." Kioo cha kutoka gari iliyokatwa, pamoja na ufundi, 230,000. Dakika tano tu, hukumu imetoka.

Nielewe vizuri hapo. Hiyo hela nilikuwa nayo. Ila ilikuwa hela ya kumalizia mzigo wa mablanketi wa msimu. Huku kwetu ukikosa mzigo mwezi wa sita ukaupata wa nane, umepata stoo, hujapata biashara. Na sikuwa tayari kurudi Tukuyu bila kuona nyuma. Nikamwambia fundi nitarudi, nikaenda kwa shemeji yangu anayefunga sola, kuazima ile mita yake ya kupimia umeme.

Sijasomea umeme. Nimeishia kidato cha nne na fizikia niliichungulia tu. Lakini kuna kitu kimoja mwalimu alikirudia mpaka kikakaa kichwani, kwamba umeme ni lazima uzunguke. Uende na urudi. Fundi alipima unaoenda. Hakupima unaorudi.

Hita ya kioo inavyokaa ni hivi. Pembeni mwa kioo kuna mstari mmoja mpana umesimama kulia, na mwingine umesimama kushoto. Katikati yake ndiyo vile vyembamba vimelala kama ngazi. Upande mmoja unapokea umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, rilei na swichi. Upande wa pili unaupeleka kwenye bodi ya gari, mafundi wanaita ethi. Sasa kama HAKUNA mstari hata mmoja unaopata joto, usikimbilie kioo. Mistari kumi na kitu haiwezi kukatika yote siku moja. Tatizo liko kwenye njia ya kwenda au ya kurudi. Kama mistari mingine inafuta na mmoja au miwili haifuti, hapo ndipo kioo chenyewe kina mkwaruzo.

Kujua uko kundi gani huhitaji hata mita. Asubuhi na mapema kioo kikiwa na umande, washa gari, bonyeza swichi, kaa nje uangalie. Ndani ya dakika chache mistari mizima inafungua ukungu kwa michirizi. Ule usiofungua ndio mgonjwa. Kama hakuna umande, hema karibu na kioo kwa ndani, au sogeza sufuria ya maji ya moto. Usisahau kwamba gari nyingi zina saa ya kuzima hita yenyewe baada ya kama robo saa, usije ukadhani imekufa katikati ya kupima.

Kingine, hita hii inakula umeme mwingi, wati zaidi ya mia moja. Gari ikiwa inaunguruma taratibu usiku, taa za mbele zimewaka, ukibonyeza swichi unaweza kuona taa zinafifia kidogo kwa sekunde, au sauti ya injini inashuka. Mimi nilibonyeza mara tatu, hakuna kitu. Ile taa ya kijani ya kwenye swichi ilikuwa inanidanganya. Inakwambia umebonyeza, haikwambii kwamba kioo kinapokea.

Nilianza na fyuzi kwa sababu ni rahisi. Kwenye Toyota nyingi kifuniko cha boksi la fyuzi kinaonyesha DEF. Ilikuwa nzima. Yako ikiwa imeungua, weka mpya ya namba ileile, mara moja tu. Ikiungua tena kuna waya umegusa mahali, tafuta. Usiweke ya namba kubwa zaidi wala ile tabia ya kufunga kipande cha waya, utachoma gari na mzigo wa watu ndani.

Halafu mita. Gari ikawashwa, handibreki juu, hita imebonyezwa. Mita nikaiweka kwenye volti za betri, ile sehemu ya 20. Ncha nyeusi nikaibana kwenye bolti safi ya bodi. Ncha nyekundu, sikiliza hapa, usiikwaruzishe kwenye mstari, mistari ni rangi tu iliyochomewa juu ya kioo kwa ndani, inatoka. Zungushia ncha kipande cha foili ya jikoni, bonyeza foili kwa kidole.

Upande wa kulia, 13.9. Sawa, hiyo ndiyo fundi aliyoiona. Upande wa kushoto, ule wa kurudi, 13.9. Katikati ya kioo, 13.9. Kila nilipogusa ni ileile.

Nilikaa nikaiangalia ile namba. Kioo kizima, gari ikiwa imewashwa, kinatakiwa kisome karibu 14 upande wa kuingilia, kipungue taratibu, katikati iwe kama 7, na upande wa kurudi karibu na sifuri. Ni kama maji yanayoteremka mlimani. Ukikuta 14 kila mahali, maji yamejaa kwa sababu huko chini kumezibwa. Hakuna ethi. Kioo hakijafa, hakina njia ya kutolea umeme.

Nikachukua waya mnene, upande mmoja nikaushikiza kwenye kile kibati cha kushoto cha kioo, upande wa pili kwenye bolti ya bodi. Shemeji akaweka kiganja kwenye kioo. Baada ya dakika moja hivi akasema, "Kinapata moto hiki." Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. 230,000 yangu ilikuwa imerudi mfukoni kabla sijaitoa.

Sasa waya umekatika wapi? Hapa ndipo wafanyabiashara tunahusika. Juu ya mlango wa buti, karibu na bawaba, kuna mpira mweusi kama bomba la kukunjakunja unaotoka kwenye bodi kuingia kwenye mlango. Nyaya zote za mlango zinapita humo. Kila ukifungua buti zinakunjuka, ukifunga zinajikunja. Mtu wa kawaida anafungua buti labda mara mbili kwa siku. Mimi siku ya soko nafungua mara thelathini. Miaka inapita, shaba ya ndani inachoka na kukatika huku ganda la nje limebaki zima, kwa macho huoni kitu.

Nilichomoa ule mpira taratibu upande wa bodi, nikavuta waya mmojammoja kwa vidole. Mwingine wote ulikuwa mgumu. Mmoja mnene, mweupe wenye mstari mweusi, ukavutika kama mpira. Ndio huo. Waya ukivutika hivyo shaba yake imeachana ndani. Waipa ya nyuma na taa ya namba zilikuwa zinafanya kazi vizuri, ndiyo maana sikuwahi kuwaza nyaya.

Kuunga kwake usifanye kama tunavyounga chaja za simu. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Kata sehemu iliyochoka, ongeza kipande cha waya wa unene uleule au zaidi, laini, wa nyuzi nyingi. Ukiweka mwembamba, ule umeme wote utaupasha moto. Unga kwa lehemu, funika kila kiungo. Na viungo vikae nje ya ile sehemu inayokunjwa, la sivyo utarudi hapo baada ya miezi mitatu. Tuliongeza kama shubiri moja na nusu ili isikaze. Angalia na nyaya za jirani, mmoja wetu tuliukuta ganda limeanza kupasuka, tukauunga na huo kabisa. Waya na vifuniko vyake vilinigharimu 4,000.

Asubuhi iliyofuata nikaamka mapema kuliko siku zote, kwenda kuangalia kioo cha gari kama mtoto wa sikukuu. Umande umejaa. Nikawasha. Michirizi ikafunguka mmoja baada ya mwingine, raha tupu. Isipokuwa miwili ya chini. Ule wa pili na wa tatu kutoka chini vilibaki na ukungu.

Hilo nalijua ni la kwangu. Kona za makatoni. Kila siku nasukuma katoni mpaka igonge kioo ili buti lifunge, na kila kona inasugua palepale. Nikachukua mita tena na foili yangu. Kwenye mstari uliokatika, ukianzia upande wa kuingilia unasoma 14, 14, 14, halafu ghafla sifuri. Pale inaporuka ndipo palipokatika. Nilitembeza kidole polepole mpaka nikapapata, nikaweka alama kwa kalamu upande wa nje wa kioo. Kwa macho ni kapengo ka milimita mbili hivi, huwezi kukaona mpaka umulike tochi kutoka nje.

Dawa yake ni rangi maalumu yenye madini ya fedha inayopitisha umeme, inakuja kwenye kichupa kidogo. Mbeya niliuliza maduka matatu, wawili wakanipa rangi ya silva ya mageti. Hiyo inang'aa tu, haipitishi kitu. Nikaagiza kwa muuzaji wa Kariakoo, na hapa nimpe sifa zake. Kabla hajapokea hela aliniuliza naenda kuitumia kwenye nini, akanitumia picha ya maandishi ya chupa, akasema kama pengo langu ni refu kuliko inchi moja nisipoteze hela. Mimi sasa nikihitaji kitu cha gari naanzia kwake. Kichupa na usafiri ni 20,000.

Kupaka siyo kazi ngumu ila inataka utulivu. Safisha pale kwa spiriti, acha pakauke. Bandika selotepu ya karatasi juu na chini ya mstari, uache uwazi wa upana wa mstari wenyewe. Tikisa chupa sana, ile fedha inakaa chini. Paka kwa kibrashi chake, upande juu ya mstari mzima kidogo pande zote mbili ili ishikane. Acha ikauke, paka tena, mimi nilipaka mara tatu. Bandua selotepu taratibu. Halafu siku nzima, saa 24, usiwashe hita. Niliweka karatasi kwenye swichi imeandikwa USIGUSE, maana mdogo wangu naye anaendesha.

Kuna matatizo mawili ambayo hayakunipata ila mtakutana nayo. La kwanza ni kile kibati kinachounganisha waya na kioo kubanduka. Usikigundishe kwa gundi ya viatu wala supagluu ya kawaida, hazipitishi umeme, na usimruhusu mtu aje na pasi kubwa ya lehemu kukandamiza moto pale, kioo kinapasuka. Kuna gundi maalumu inayopitisha umeme, au mtafute fundi mwenye mkono mwepesi. La pili ni tinti. Ile karatasi ya giza inabandikwa kwa ndani, juu ya mistari yenyewe. Siku ukiitaka itoke, ikichunwa kwa wembe inaondoka na hita yote. Ilowekwe, ivutwe polepole kufuata mistari. Ukisikia fundi tinti anatafuta wembe kwa kioo cha nyuma, mwambie ashike breki.

Na wakati unasubiri matengenezo, washa AC hata kama kuna baridi, pamoja na upepo wa moto. AC inakausha hewa. Ukungu ni unyevu wa ndani ukikutana na kioo cha baridi, kwa hiyo blanketi zilizolowa, miamvuli na pumzi za watu watatu ndivyo vinavyokufungia kioo. Mzigo ulolowa uweke kwenye nailoni. Ila niseme ukweli, kama umepakia mpaka juu ya dari, hita haikusaidii, huoni nyuma hata kioo kikiwa kikavu. Hapo kabla hujarudi nyuma, shuka uzunguke gari. Mimi sasa nashuka kila mara, hata kwetu.

Nimefanya na kingine. Kati ya makatoni na kioo naweka kipande cha godoro kuukuu, na katoni ya mwisho haigusi kioo kabisa, bora nirudie safari.

Jumamosi nilienda tena Tukuyu. Isyonje ukungu ni uleule. Kioo kilichukua kama dakika nne kufunguka chote, ule mstari wa pili una kidoa kidogo pale nilipopaka, ila unafanya kazi. Kwa yule bibi nilipeleka blanketi dogo la mjukuu, sikumdai. Alicheka, akasema mtoto siku hizi akisikia gari anakimbilia ndani.

Yule fundi wa gereji nilimpitia pia, nikamwonyesha ule waya. Aliuvutavuta, akatingisha kichwa, akaniomba nimwachie awaonyeshe vijana wake.

Mzigo wa msimu umeingia jana, sita kwa sita na tano kwa sita zote zipo. Picha naweka kesho asubuhi mwanga ukiwa mzuri.